Siku Nilipompa Namba Tisa Jina

Siku hizi mtu akitamka neno "mrejesho" macho yangu yanakwenda yenyewe kutafuta mlango ulipo, na wenzangu chuoni wanadhani ninaigiza, lakini nyinyi leo nitawaambia yote, mnicheke mmalize, kisha tuendelee na mambo mengine. Mimi Adela, binti wa Bukiriro, niliyesomeshwa mpaka shahada ya pili kwa migomba na maharage ya wazazi wangu, nilisimama mbele ya kijiji kizima huko kwetu Ngara nikatangaza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi ni mwongo. Na kibaya zaidi, sikuwa mwongo. Subirini, mtaelewa.

Utafiti wangu ulikuwa nusu afya, nusu lugha: nilitaka kujua watu wasiojua kusoma wanazitumiaje dawa wanazopewa zahanati, maana zile pakiti zinaandikwa moja mara tatu, mbili mara mbili, na kwa asiyejua kusoma hiyo ni mikwaruzo ya kuku tu. Nilikaa kijijini pale (kijiji gani sisemi, nimeshajifunza) karibu miezi miwili, nikipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti changu, nikiongea Kihangaza cha kwetu, na watu wakinifungulia mioyo kwa sababu walinihesabu mtoto wao. Kila niliyekaa naye nilimwahidi jambo moja, kwamba jina lake halitatoka mdomoni mwangu, kisha anasaini fomu, na asiyejua kusaini anaweka dole gumba.

Kati yao alikuwepo mama mmoja ambaye nitamwita Namba Tisa. (Amenipa ruhusa kusimulia habari hii, kwa sharti kwamba nisiseme mahali, na safari hii sharti nimelishika kwa mikono miwili.) Huyu mama ndiye msomaji wa jumuiya yao ya Kikatoliki. Wakikutana kusali, yeye husimama, anafungua kitabu kwenye utepe mwekundu, anasoma somo kwa sauti tulivu mpaka watu wanafumba macho. Na hajui hata a. Jioni iliyotangulia binti yake humsomea mara mbili tatu, naye analiweka lote kichwani, nukta na mkato, na kesho yake anatembeza macho kwenye mistari na kugeuza ukurasa pale pale alipoelekezwa na binti. Wanaojua ni mumewe na huyo binti, na sasa mimi.

Kuhusu dawa alikuwa na ufundi wake. Akitoka zahanati anamwuliza nesi taratibu, halafu ndani ya pakiti anatia punje za maharage: nyekundu kwa idadi ya vidonge, nyeupe kwa mara ngapi kwa siku. Miaka yote ilifanya kazi, ila siku moja mwanawe mdogo alichezea zile punje, akachanganya, na mtoto aliyekuwa mgonjwa akanyweshwa mara mbili ya kipimo, akalala kutwa nzima hajitambui vizuri. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mama aliponisimulia alikuwa anamenya maharage na mikono ikasimama.

"Mwanangu," akaniambia, "hili nimekupa wewe kwa ajili ya hizo pakiti, ziandikwe kwa namna hata sisi tutaelewa. Lakini siku watu wakijua, jumuiyani sirudi tena. Nitakaa humu ndani mpaka wanizike."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni kaburi." Kaburi! Sikilizeni mtu anavyojisifu.

Sasa ikafika wakati wa kuandaa mrejesho, yaani kurudi kijijini kuwasomea watu ulichokipata, jambo la heshima kabisa ambalo watafiti wengi hawalifanyi, wanachukua maneno ya watu wanapotea nayo. Msimamizi wangu, sisi humwita Dokta tu, alikuwa ameniandikia kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa: tumia namba. Mshiriki Namba Moja, Namba Mbili, basi. Lakini nilipofika kwa huyu mama nikaona hapana, mtu mwenye akili ya kugundua hesabu ya maharage, mtu aliyenimenyea ndizi na kuniita mwanangu, nimwite Namba Tisa kama mfungwa? Nikafuta namba, nikampa jina la bandia. Nikachagua Domitila, kwa sababu marehemu bibi yangu alikuwa Domitila na ndiye mwanamke mwenye akili kuliko wote niliowajua. Habari za jumuiya na za kusoma kwa kukariri nikaziondoa zote, nikaacha tu "mama wa watoto watano, anayeheshimika kanisani." Nikajiona mwema kupindukia.

Fikirini wenyewe. Mtoto wa Ngara, niliyebatizwa Ngara, nachagua jina la mtakatifu kwa ajili ya kijiji cha Wakatoliki watupu, halafu nadhani hilo jina halina mwenyewe!

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamejaa, wanaume upande wa mlangoni, kinamama upande wa madirisha. Dokta alikuwa amekuja mwenyewe kutoka chuoni, ile barabara ya mashimo imemtikisa mpaka anatembea kashika kiuno, lakini alikuwa na furaha, amekaa mbele karibu na mwenyekiti wa kijiji. Nikagawa karatasi za muhtasari, moja kwa kila dawati. Nikaanza kusoma, na nilisoma vizuri jamani, msidhani nilianza vibaya, mpaka nikafika: "Domitila, mama wa watoto watano, anayeheshimika kanisani, hajui kusoma wala kuandika."

Kicheko kilianzia kwa wanaume, kikavuka hadi madirishani. Nikainua kichwa sielewi kitu. Kwenye dawati la pili mama mmoja mnene aliyevaa kitenge kipya alikuwa anasimama polepole, na watu wote wanamtazama yeye. Alikuwa katibu wa kikundi cha kinamama cha mbegu, anaandika mihtasari yote ya vikao, ana watoto watano, kanisani ni mweka hazina. Jina lake Domitila. (Jina hilo nalo nimelibadilisha hapa kila lilipo, na safari hii niliuliza kwanza.) Nilikuwa sijawahi kumhoji wala kukutana naye, kwa sababu utafiti wangu ulikuwa wa wasiojua kusoma na yeye alikuwa anajua kuliko mwenyekiti.

"Mimi?" akasema. "Mimi Domitila sijui kusoma?"

"Mama, siyo wewe!" nikasema. "Hilo ni jina la kutunga, ni la kumficha mtu."

Hapo ningenyamaza. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

"Umemficha nani kwa jina langu?" akauliza. "Kwa hiyo huyo mtu yupo?"

"Yupo."

"Wa kijiji hiki?"

"Ego," nikajibu, kwa Kihangaza kabisa, ndiyo iliyonyooka, kabla akili haijaamka.

Mzee mmoja wa mlangoni akaanza kuhesabu kwa vidole kinamama wenye watoto watano, kwa sauti, kwa majina. Mwingine akauliza kama huyo mtu yumo humu ndani, na mimi, ili nisimtazame Namba Tisa aliyekuwa dawati la nyuma kabisa dirishani, nikakaza macho yangu ukutani kwenye ramani ya Tanzania kama ninaiona kwa mara ya kwanza, jambo ambalo hata mtoto angejua lina maana gani. Kila nilichosema kilikuwa kinapunguza watu. Nikasema ni mtu mwenye akili sana, wakawatoa wawili. (Watu wa kule hawana adabu wakianza kucheka, na mimi ni wao, naweza kusema.)

Domitila akaomba nafasi kwa mwenyekiti, kwa utaratibu kama mtu wa vikao. "Mwenyekiti, jina langu limechafuliwa mbele ya watu na lisafishwe mbele ya watu. Karatasi zipo. Kila mama humu asome mstari wa kwanza, mmoja mmoja. Atakayeshindwa tutamjua, na mimi nitarudi nyumbani kwangu kwa amani."

Nikadhani mwenyekiti atakataa. Wapi! Akasema ni wazo la busara.

Nikamtazama Dokta anisaidie, lakini maneno mengine yalikuwa yanapita kwa Kihangaza, naye ni mtu wa pwani, alikuwa anatabasamu akidhani ni ushiriki wa jamii. Domitila akaanza, akasoma kwa sauti ya kuvunja vioo: "Dawa nzuri isipoeleweka inaweza kumdhuru mgonjwa badala ya kumponya." Wa pili akasoma. Wa tatu akafika kwenye "badala" akashikwa na kikohozi, akamalizia. Wa nne, bibi mmoja, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akasema hana miwani leo, na kicheko kilichotoka hapo kilinichoma moyoni, maana nilijua yule bibi hajawahi kuwa na miwani. Namba Kumi na Mbili. Naye nilimwahidi. Wakamruka, maana kila mtu alijua ana watoto wawili tu.

Wa tano akasoma. Wa sita akasoma. Namba Tisa alikuwa amekaa wima, mikono imelala juu ya dawati, hajanitazama hata mara moja, midomo yake inatikisika kidogo sana, na mimi nikajua anasali. Nikayakumbuka maneno yake, nitakaa humu ndani mpaka wanizike. Karatasi ikamfikia jirani yake. Baada ya hapo ni yeye.

"Nilitunga!" nikapiga kelele. "Jamani acheni! Hakuna mtu huyo! Nilimtunga mwenyewe, yeye na maharage yake yote!"

Na hii nilisema kwa Kiswahili, kwa hiyo Dokta aliielewa vizuri.

Nyinyi mliosoma mnajua kutunga data kwa mtafiti ni nini. Ni mwizi kukutwa ndani ya nyumba. Dokta alivua miwani yake. Mwenyekiti aliniuliza, umetoka chuo kikuu na gari na karatasi zote hizi kuja kututungia hadithi? Domitila akasema "Kumbe!" akakaa chini akiwa amesafishika kabisa, akapigiwa makofi. Karatasi zikakusanywa, mwenyekiti akagoma kunigongea muhuri kwenye barua yangu ya kibali cha utafiti mpaka niombe radhi, nikaomba radhi kwa kitu ambacho sikukifanya, huku machozi yakinitoka ya kweli. Kabla jua halijazama baba alikuwa ananipigia kutoka Bukiriro. "Adela, nasikia umekuwa mtunzi. Tulikupeleka kusomea utunzi?"

Garini nilifungua begi nikampa Dokta fomu moja. Juu imeandikwa Namba Tisa, chini kuna dole gumba la zambarau, na nikamwambia tutakapofika nyumba ya wageni atasikiliza sauti yenyewe. Alilitazama lile dole kwa muda mrefu, gari linaruka kwenye mashimo, halafu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi, "Adela, namba zingekugharimu nini?"

Nimelifikiria sana swali lile tangu siku hiyo, na nadhani ukweli ni kwamba ile heshima niliyotaka kumpa ilikuwa yangu mimi. Nilitaka niwe mtafiti mwenye utu, ambaye kwake watu si namba. Mama wa watu hakuniomba jina, alikuwa nalo lake tayari, aliniomba nilinyamazie.

Kesho yake baada ya misa nilikwenda kwa Domitila kwanza, akanipokea kwa ukali, akaishia kunipa chai na kunisahihishia makosa mawili kwenye muhtasari wangu. Kisha nikaenda kwa Namba Tisa. Nilimkuta uani anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtunzi wetu." Hakuacha kupepeta. Akanisogezea kigoda.

Nikaanza kuomba msamaha, na katikati nikaanza kulia tena, nikamweleza kwamba karatasi ilipofika kwa jirani yake niliona nisiposema uongo ule nitakuwa nimemzika, na kwamba nilimwona anasali.

Ungo ukasimama. "Nani alikuwa anasali?"

"Wewe mama. Midomo ilikuwa inatikisika."

Akanitazama kama mtu anayetazama kifaranga kilichoanguka kwenye maji. Halafu akaweka ungo chini, akanyoosha mikono mbele yake kama ameshika karatasi, macho yakatembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa ile sauti yake ya jumuiya akasema: "Dawa nzuri isipoeleweka inaweza kumdhuru mgonjwa badala..." akakohoa, pale pale alipokohoa mama wa tatu, "... badala ya kumponya."

Akaokota ungo wake.

"Watu watano walikuwa wameshanisomea, mwanangu," akasema. "Ungeniacha nisome."