Koti Nililoshindwa Kulivaa

Siku ile tulikuwa watatu chumbani: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, na daktari aliyeletwa na bima ya mwajiri wangu. Wakili wetu, Mhindi wa Kisumu mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa Kenton, London, hakuja. Alikuwa amenionya mapema kwa Kiswahili chake cha haraka: "Mama, serikali inalipa waliolemazwa sana na chanjo tu. Wewe tunadai kwa uzembe wa aliyekuchoma. Huyo daktari akiandika bega ni zima, kesi imekwisha."

Bega lilikuwa la kulia. Katika nyumba ya kutunzia wazee nilikofanya kazi, Ilford, London hiyohiyo, sisi wafanyakazi tulichomwa chanjo ya mafua na muuguzi wa mwajiri. Nilikuwa nimekaa, muuguzi amesimama. Hakunivua sweta, alivuta kola tu, akachoma juu kabisa, karibu na mfupa. Tangu hapo mkono haukufika kichwani, sembuse kumgeuza mzee kitandani. Mdogo wangu akaacha chuo cha uuguzi, akachukua zamu zangu, maana nyuma yake kulikuwa na wawili wa shule, na wazazi tulishawazika kwetu Bukavu, Kongo. Mimi niliacha masomo darasa la sita ili hawa wasome. Fidia niliitaka kwa jambo moja: arudi chuoni.

Daktari alinyoosha mkono. "Habari yako? Unaendeleaje leo?"

"Vizuri sana, daktari, asante," nikasema, nikampa mkono.

Akaandika. Sikuelewa nilichofanya mpaka nilipomwona mdogo wangu amefumba macho.

"Inua mkono kadiri unavyoweza."

Niliinua. Bega liliwaka moto, lakini uso niliuzuia. Tangu mazishi ya mama wadogo zangu hawajaniona nikikunja uso. Akaandika tena, akafunga kalamu.

"Nadhani tumemaliza."

"Bado," mdogo wangu akamwambia. "Kwetu hata aliyetoka makaburini akiulizwa habari hujibu nzuri. Mtazame akivaa koti."

Nilimgeuzia mgongo kama kila asubuhi, anivishe. Alikunja mikono.

"Leo sikusaidii."

"Wewe mtoto, una adabu kweli?"

"Sina. Vaa, dada."

Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia niliurudisha nyuma kuutafuta upande wa pili wa koti, nikajipinda, nikajaribu tena. Jasho lilinitoka. Mdogo wangu alikuwa anatazama ukuta. Nilipojipinda mara nyingine nikapiga kelele, koti likaanguka.

Daktari aliliokota mwenyewe. Akavuta kiti karibu, akafungua kalamu.

"Tuanze upya. Nani anakusuka nywele?"

"Yeye."

"Unalalaje?"

Safari hii sikujibu "vizuri". Nilimwambia yote, mdogo wangu akisikia.

Bima ililipa kabla ya kufika mahakamani. "Mama, koti hilo usiligawe!" wakili alicheka kwenye simu. Fidia ikalipa kodi ya nyumba, mdogo wangu akaacha zamu, akarudi chuoni. Lakini wenzake aliokuwa nao darasani walikuwa wameshavaa sare za wauguzi, naye aliketi na wapya, akianza tena kurasa alizokwisha kuzisoma.

Muda wake ule uliopotea sijaulipa mpaka leo. Nikiutaja, ananishikia koti upande wa kulia na kusema, "Ingiza mkono, dada, tunachelewa."