Watalii Wawili wa Mto Tana

Sweta ya sufi ikilowa hunuka kama mbuzi aliyenyeshewa akakasirika. Huku bara ninakosoma, Julai ikifika jua hugoma, na wasichana wote wa bweni huanika sweta zao kwenye vyuma vya vitanda. Mimi peke yangu ndiye ninayezinusa na kucheka. Wenzangu wanadhani nina wazimu. Waacheni. Ninyi nitawaambia: harufu hiyo hunirudisha Garissa, ndani ya mtumbwi wa ndizi, asubuhi niliyompeleka bibi yangu kutalii majira ya baridi.

Nilikuwa darasa la pili. Chanzo kilikuwa Mwalimu Nzioka, mtu wa Ukambani aliyeletwa kutufundisha na ambaye, nadhani, alituogopa kidogo. Alitundika picha ukutani: mji wa Ulaya, mto katikati, mashua ndefu, na watu waliovaa makoti mpaka masikioni wakitazama nyumba.

“Wanafanya nini hao?” nikauliza.

“Wanatalii. Wanauzunguka mji wao kwa mashua, wakati wa baridi.”

“Si wanakaa hapo hapo?”

“Ndiyo.”

“Sasa wanatazama nini?”

Mwalimu akakuna kidevu. “Mji ukiutazama kutoka majini ni mji mwingine. Kaa chini.”

Nilikaa chini, lakini kichwa hakikukaa. Mto tunao. Mji tunao, ukiwa na huruma. Baridi tunayo pia: Julai alfajiri upepo wa Garissa hukufanya ujifunike shuka na kulalamika, mpaka saa tatu hivi jua likumbuke kazi yake. Kilichobaki ni koti na mashua. Koti hakuwa nalo mtu, ila mke wa Mwalimu aliniazima sweta yake. Ilinifika magotini.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Porini kulikuwa na watu wenye bunduki waliotaka nchi yetu iende na Somalia, na mjini kulikuwa na askari wenye bunduki waliotaka ibaki Kenya. Sisi tulikuwa katikati, tumekusanywa kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, kutoka mpaka ruhusa. Ngamia wetu walichukuliwa wakafungiwa katika boma kubwa la miiba kando ya mto, chini ya mji. Humo alikuwamo Malab, maana yake asali, ngamia jike wa Ayeeyo. Ndivyo tunavyomwita bibi. Tangu siku Malab alipoondolewa, Ayeeyo alikataa maziwa. Alisema hanywi maziwa ya ngamia asiyemjua jina.

Aliyekuwa akimchunga Malab ni Abti Yusuf, mjomba wangu, mwana wa Ayeeyo, na Abti naye hakuwepo. Nyumbani tuliambiwa amekwenda Wajir kutafuta kazi. Nusu ya vijana wa kijiji chetu walikuwa wamekwenda Wajir kutafuta kazi. Nilijiuliza Wajir ina kazi gani hizo, na kwa nini askari wakiwaulizia, akina mama wote hushikwa na kikohozi.

Njia ya kurudishiwa ngamia ilikuwepo, na kila mtu aliijua. Unakwenda bomani, unamwonyesha ngamia wako, unasema nani alikuwa anamchunga na yuko wapi sasa. Ayeeyo alikuwa hajaenda. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya miguu yake.

Mashua niliipata kwa Komora, Mpokomo mwenye shamba la ndizi, mtumbwi wa gogo, na kibali cha kuwapelekea ndizi askari wa boma. Nilimfuata mpaka akachoka.

“Kutalii? Mtumbwi huu ni wa ndizi, binti.”

“Basi tuhesabu sisi ni ndizi.”

“Ndizi hazisemi.”

“Nitanyamaza.”

“Wewe?” Akacheka mpaka akakalia mkungu. Nikajua nimempata.

Nilimwambia Ayeeyo kwamba mtumbwi hupita chini ya boma la ngamia. Alivaa viatu.

Tulitoka kijijini na kundi la wanawake waliopewa ruhusa ya kuteka maji. Pale ukingoni askari mmoja akatunyoshea mkono. “Mama, pasi iko wapi?”

“Basi?” Ayeeyo akashangaa. “Sisi nakwenda na mtumbwi.”

“Sijasema basi. Pasi! Pasi!”

“Ndiyo, basi. Mimi hakuna basi.”

“Najua huna basi, mama, basi litatoka wapi hapa mtoni? Nataka karatasi!”

“Afande,” Komora akaingilia huku akishika mbavu, “hawa wananisaidia kupakua ndizi.” Askari alimtazama Ayeeyo, akanitazama mimi na sweta yangu, akakata tamaa na sisi wote. “Pitani.”

Sasa mfikirieni Ayeeyo. Mtu aliyezaliwa nyuma ya ngamia, ambaye kwake maji ni kitu cha kunywa na kutawadhia, siyo cha kukalia. Aliingia mtumbwini kama anayepanda kitanda cha mgonjwa, akashika kingo mbili, akasoma kila aya aliyoijua. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ulinuka tope na majani yaliyooza, na upepo ulitupiga vizuri kabisa, baridi ya Ulaya tupu. Nikasimama nianze kazi. Komora akanivuta nikae, nikaianza nimekaa.

“Upande wa kushoto, mabibi na mabwana, ni ofisi za serikali. Yule anayepiga mswaki ni karani. Upande wa kulia,” nikaangalia vichaka vya ng'ambo, “upande wa kulia hakuna kitu.”

“Kuna mamba,” akasema Komora.

“Upande wa kulia ni mamba!”

Mawimbi madogo yalirukia ndani, sweta ikalowa, mbuzi akaamka. Niliwaonyesha msikiti, machinjio, mabati ya maduka. Ni kweli, ulikuwa mji mwingine, mdogo na mtulivu, kama vile hakuna anayemwogopa mtu. Ayeeyo hakutazama hata kimoja. Macho yake yalikuwa mbele, mtoni chini.

Boma lilijitangaza kwa harufu kwanza, halafu kwa sauti. Ngamia walikuwa wameteremshwa kunywa, wengi, mbavu nje, na askari watatu wakiwalinda. Komora akaegesha mtumbwi, akaanza kurusha mikungu. Ayeeyo akatoa mluzi mdogo, wa pumzi tu, ule wa kumwita ngamia majini. Hata mimi niliyekaa ubavuni mwake niliusikia kwa shida.

Kichwa kimoja kikainuka. Malab akawasukuma wenzake, akaja mpaka maji yakamfika magoti, akamnyoshea Ayeeyo shingo na kulia. Mlio wa ngamia mnaujua? Kama mlango mkubwa usiotaka kufunguliwa.

Askari mwenye cheo akasogea, polepole. “Mama. Huyu wako?”

Ayeeyo alimtazama Malab. Midomo ya ngamia ilikuwa karibu kugusa shuka yake.

“Ukisema wako unampata leo hii,” askari akasema, wala sauti yake haikuwa mbaya. “Uniambie tu alikuwa na mchungaji gani.”

Nikafungua mdomo. Ndani ya sweta, kucha za Ayeeyo zikanishika paja, zikazunguka. Nikafunga.

“Si wangu,” akasema Ayeeyo.

“Mbona anakulilia?”

“Ngamia nalilia kila mtu. Nataka chumvi.”

Halafu akamwambia Komora tuondoke. Malab alitufuata kando ya maji mpaka miiba ilipomzuia, akiendelea kuita. Ayeeyo hakugeuka. Mgongo wake ulinyooka kama mlingoti njia yote, dhidi ya mkondo, na mimi nikalia kwa hasira nikimwita mwongo kimoyomoyo. Usiku ule aliomba maziwa. Akanywa kibuyu chote, akafuta mdomo, akalala. Nilimnunia wiki nzima. Niliona amemuuza Malab bure.

Vita vilipokwisha Abti Yusuf akarudi “kutoka Wajir”, amekonda hata shati ndilo lililomvaa, na kovu jipya shingoni. Nilikuwa nimekua kidogo. Nililitazama kovu lile, na papo hapo nikajua kazi ya Wajir ilikuwa kazi gani, na swali la yule askari lilikuwa la kumtafuta nani. Ayeeyo alikuwa ameletewa vitu viwili pale majini, akaambiwa achague kimoja, na kuchagua kwenyewe akakufanya huku kimoja kikimlilia usoni.

Abti alikunywa chai kwa utulivu, kisha akaangalia zizi tupu.

“Hooyo,” akamwita mama yake, “Malab alikwenda wapi?”

“Alichukuliwa pamoja na wengine.”

“Hukwenda kumdai?”

“Nilikwenda,” akasema Ayeeyo. “Sikumwona.”

Alisema hivyo akinitazama mimi, na safari hii kucha zake zilikuwa mbali. Mimi, ambaye walimu wa shule mbili wameandika nyumbani kuhusu mdomo wangu, nilichukua birika, nikamwongezea Abti chai.