Mapipa Mawili ya Jibondo

Kabla ya sala ya maiti, Hemedi alisimama mbele ya jeneza la kaka yake, akatamka maneno ambayo watu wa kijiji cha Utende huyatamka kwa kila anayekufa: anayemdai marehemu asinyamaze, aje aseme, anayeweza kusamehe asamehe, asiyeweza atalipwa. Siwema, mjane, hakuyasikia kwa masikio yake, maana wanawake walikuwa ndani. Alielezwa baadaye na Hemedi mwenyewe, akiwa ameinama kizingitini.

"Wamekuja wangapi?"

"Watatu, shemeji."

"Watatu tu?"

"Ulitaka kije kijiji kizima?"

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa Novemba. Duka la ushirika lilimdai Matano shilingi sitini na nne, za unga, mafuta ya taa na nyuzi za kushonea tanga. Fundi wa mashua wa Chole alidai tisini. Mabruki, mnunuzi wa mbata, alidai sitini, na kwa sitini hizo alikuwa ameshika rehani minazi saba. Kila ikianguliwa, nazi zilikwenda kwake, na deni likabaki palepale. Mwenyewe alisema hiyo si riba, ni nazi tu. Jumla, mia mbili na kumi na nne.

Masheikh husema roho ya mwenye deni huning'inia mpaka deni lilipwe. Siwema aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba moto unaunguza. Hakuwaza kwanza kwamba atakula nini. Aliwaza kwamba Matano, aliyekuwa haoni raha hata kukaa kwenye kitanda kirefu ambacho miguu haifiki chini, sasa amening'inizwa mahali pasipo na sakafu.

Jambo moja lilimkwaza. Hakuna mtu wa Jibondo aliyekuja matangani. Matano alikuwa mchukuzi wa maji. Kwa miaka zaidi ya kumi alijaza mapipa kwenye visima vya Utende, yeye na mdogo wake, wakayavusha hadi Jibondo, kisiwa cha mawe ambako visima ni vya chumvi na maji matamu hufika kwa chombo. Watu waliokunywa mkononi mwake hawakuja hata mmoja. Lakini kazi hiyo aliiacha ghafla miaka miwili kabla ya kufa. Alisema mgongo. Tangu siku hiyo ndipo mikopo ilipoanza.

Miezi minne na siku kumi za eda, Siwema alikaa ndani akisuka mikeka na kupanga. Hakujua kuandika, kwa hiyo alipanga kwa minazi. Ilibaki ishirini na minne isiyo na rehani, na kila mmoja aliujua ulivyosimama na unavyozaa. Akaigawia kazi. Mitano iliyo karibu na kisima ikawa ya duka. Sita ya fundi. Mitatu ya mafuta ya taa na chumvi. Mmoja mwembamba, uliopinda, ukawa wa sabuni. Tisa iliyosalia ikawa ya kula. Mabruki atalipwa mwisho, kwa mikeka.

Tabu ilikuwa kwamba mnazi huanguliwa kila baada ya miezi mitatu, na tumbo halijui hesabu hiyo. Hapo zamani nazi zikishuka watu walikula na kukaribisha mwezi mmoja, kisha miwili wakakopa. Siwema aliziweka nazi zake uvunguni kwa mafungu matatu, akatenga kila fungu kwa ubao. Fungu la mwezi ujao haliguswi, hata aje mgeni gani. Binti yake aliyeolewa kijiji cha Kanga alikuja kumtazama, akala muhogo mkavu kwa samaki wa kuchoma siku mbili, akarudi kwake akilia. Majirani wakasema: "Siwema atakufa njaa amelala juu ya nazi."

Sauti ilianza siku chache baada ya kutoka eda. Haikuja usiku. Ilikuja mchana mweupe, baada ya adhuhuri, saa ambayo kijiji hunyamaza na kuku hulala kwenye vumbi. Siwema alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, macho wazi, akasikia nje ya ukuta madebe mawili yakituliwa kutoka begani, la mbele kwanza, kisha la nyuma. Baada ya hapo, pumzi ya mtu aliyechoka. Alitoka mbio. Ukuta, jua, kivuli chembamba cha papi za paa. Udongo ulikuwa mkavu.

Ikawa mara moja kwa juma, wakati mwingine mara mbili. Hakumwambia mtu. Alijua ni nani, na alidhani anajua anachotaka. Kila alipopeleka shilingi kwa karani wa duka, au kwa fundi wa Chole, alirudi akasikiliza, kama mtu aliyempa mgonjwa dawa akangoja homa ishuke.

Kisomo cha watu wazima kilipofika Utende, darasa lilifanyika kwenye banda la kukaushia mbata, na mwalimu alikuwa Arafa, msichana aliyemaliza darasa la saba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siwema alikwenda kwa sababu moja: minazi ilikuwa imeanza kumchanganya. Arafa alimpigia mistari kwenye daftari, mwezi juu, matumizi pembeni.

"Bi Siwema, hapa andika sukari."

"Sina sukari."

"Andika neno tu."

"Nikiliandika nitaitamani. Niandikie deni. Hilo silitamani."

Banda zima lilicheka, na Arafa akacheka mpaka chaki ikamwanguka. Lakini Siwema aliandika. Kula, shilingi kumi na mbili. Taa na chumvi, tatu. Sabuni, moja. Deni, nane, na mwezi wa mkeka mzuri, kumi. Mwaka wa yanga, unga wa mahindi ya njano ulioletwa kwa meli ukachukiwa na kila mtu na ukaliwa na kila mtu, bei zilipanda na mstari wa taa akaufuta. Mstari wa deni hakuugusa. Alikonda. Mikono yake ilikatika kwa ukindu.

Fundi alimalizwa. Duka likamalizwa. Mwezi wa Mei mwaka wa sabini na tano, alimwekea Mabruki shilingi tatu za mwisho mezani. Mabruki alizihesabu mara mbili, akasema, "Laiti wanaume wa kijiji hiki wangekufa wote, wake zao wangenilipa," na minazi saba ikarudi.

Siwema alikwenda nyumbani, akatawadha, akasali, akajilaza. Akasema kwa sauti, kama mtu anayemruhusu mgeni, "Haya, Matano. Nenda sasa."

Madebe yakatua nje ya ukuta. La mbele. La nyuma.

Hakutoka kutazama. Alilala vilevile, jasho likimtiririka sikioni. Miezi ishirini na sita alikuwa amehesabu, na kumbe alichokihesabu sicho.

Siku ya pili alimkuta Hemedi akisuka dema la kutegea samaki mbele ya nyumba yake.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuniposa?"

"Nikuoe nikufanyie nini, meno yenyewe hayatimii."

Hemedi alicheka. Siwema hakucheka. Akachutama mbele yake, akaushika mkono uliokuwa ukisuka.

"Kaka yako alikuwa na deni la nne. La nani?"

"Nilisimama mbele ya watu wote nikauliza."

"Uliuliza Utende. Kwa nini watu wa Jibondo hawakuja kumzika?"

Hemedi aliutazama ule mkono juu ya mkono wake.

"La Jibondo si deni, shemeji. Ni maneno."

"Niambie hayo maneno."

Jibondo kulikuwa na mwanamke, Somoe, binti wa marehemu fundi wa majahazi. Mwaka wa kiangazi kikali mama yake aliugua, naye akawapa Matano na Hemedi shilingi sita mkononi, kabla, wamletee mapipa mawili. Walijaza, wakapakia. Njiani walipita dago, kambi ya wavuvi wageni kwenye kisiwa kidogo, na wavuvi wale, koo zimewakauka, wakawapa shilingi kumi na mbili kwa mapipa yaleyale.

"Tulisema tutarudi kisimani, kesho Somoe atapata yake. Kesho yake ubao wa chini wa mashua ukafunguka. Siku tatu tunaziba. Tukapata habari kwamba mama yake amefariki."

"Na shilingi sita zake?"

"Kaka hakuweza kwenda kuzirudisha. Kila siku alisema kesho. Baadaye akasema mgongo."

"Nawe?"

"Mimi nilikuwa mdogo wake tu."

Siwema alisimama. Alikumbuka miaka miwili ya mwisho ya mumewe: jinsi alivyokunywa maji akiwa amegeukia ukuta.

Mwezi wa Juni, kwenye mstari wa deni, aliandika shilingi sita, akazitoa kwenye kula. Alfajiri alianza kuteka, ndoo kwa ndoo, mpaka mapipa mawili yakajaa. Hemedi alileta mashua bila kuambiwa mara ya pili. Safari nzima walizungumza maneno manne au matano, yote ya chombo.

Jibondo walisikia tezo zikichonga mbao kabla hawajafika. Hemedi alisema atalinda chombo. Siwema alipanda peke yake katikati ya nyumba za mawe, akaulizia, akaonyeshwa. Somoe alikuwa akimpiga pweza juu ya jiwe. Mwanamke mrefu, mwenye mvi mbele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ni wa Utende."

"Umenijuaje?"

"Miguu yako ina udongo. Sisi huku hatuna udongo."

"Mimi ni mke wa Matano."

Pweza akabaki juu ya jiwe. Siwema alifungua pindo la kanga, akaweka shilingi sita karibu na mkono wa Somoe.

"Na mapipa mawili yako pwani. Nimeyateka mwenyewe."

Somoe hakuzitazama fedha. Aliuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Ulijua tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Basi wewe huna kosa. Kaa."

Akakaa. Somoe akanawa mikono kwa maji kidogo sana, akayaacha yale machafu yadondokee kwenye shina la mpapai.

"Mama alikufa Alhamisi. Siku tatu alikuwa akiomba maji ya Utende. Nikimpa ya kisima, anayatema. Nilikuwa nimemwambia yanakuja, nimeshalipa, yanakuja. Ananitazama, ananiambia, Somoe, umeyaficha. Umeyaficha unayanywa mwenyewe. Alikufa akiamini hivyo." Akajifuta mikono kwa kanga. "Sasa niambie, dada. Hilo linalipwa kwa pipa gani?"

Siwema alikuwa na maneno aliyoyatayarisha baharini, akayasema kwa sababu hakuwa na mengine.

"Nakuomba useme umemsamehe. Neno moja tu. Hajatulia."

"Anakujia?"

"Ananijia."

"Kwangu anakuja mama," Somoe alisema. "Haniambii kitu. Ananinusa mdomo tu, kama nimekunywa."

Tezo ziliendelea upande wa pili wa nyumba.

"Shilingi sita nilisamehe siku nyingi," Somoe akasema. "Ukitaka niseme na hilo jingine, nitasema. Ni maneno, ulimi hauumi. Lakini nitakuwa nasema uongo, nawe utakuwa umeubeba uongo mpaka kaburini kwa mumeo. Niseme?"

Hapo ndipo Siwema alipotambua kwamba kazi yote ya miezi ile, mafungu uvunguni, taa iliyozimwa, binti aliyelia, ilikuwa imemfikisha kwenye mlango huu mmoja, na ufunguo wake uko mkononi mwa mtu asiyeweza kuufungua. Angeweza kulichukua neno. Hakuna ambaye angejua.

"Usiseme," akasema.

Walishuka pwani pamoja. Wanawake walikuwa wameshakusanyika na vyungu, na Somoe aliwapimia mmoja mmoja, kata mbili mbili, mpaka pipa la kwanza likaisha. La pili walilivingirisha hadi kwake. Fedha alizirudisha kwenye mkono wa Siwema, akaufumba. Kisha akapaza sauti kuelekea mashuani.

"Na yule aliyejifunika kofia usoni, mwambieni namwona!"

Wanawake wakacheka. Hemedi hakuinua kofia.

Siwema alipokuwa na maji magotini, tayari kupanda, Somoe alimwuliza, "Mwezi ujao utakuja?"

"Unataka nije?"

"Sikukuita. Nimeuliza tu."

"Nitakuja."

Alijibu kabla ya kuhesabu. Hesabu aliifanya baharini, kwa vidole, kwa kuwa daftari alikuwa ameliacha. Mwenzake Hemedi, mwenye hisa nyingine ya mashua, atataka shilingi mbili kila safari. Siku nzima ya ukindu imepotea, na siku ya kuteka pia. Alikuwa amepanga, deni likiisha, mstari ule uwe wa sukari na taa, na Idi ikija, doti moja ya kanga. Alizipanga fedha hivi, akazipanga vile. Hazikutosha.

"Hemedi," akaita. "Zile kumi na mbili za dago mligawanaje?"

"Sawa kwa sawa."

"Basi kuanzia mwezi ujao maji ni yangu, chombo ni chako. Na hisa ya mwenzako utaitoa wewe."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Sijui."

"Deni lisilo na mwisho si deni."

"Ni nini?"

Hemedi alimwachia usukani. Akaokota kata, akainama chini ya chombo, akaanza kuchota na kumwaga nje, kuchota na kumwaga, ingawa ndani ya mashua siku ile hamkuwa na maji.