Baba Kanini Aitwa Shuleni

Wayua alikaa miaka kumi na miwili katika ndoa bila kumwona mumewe hata siku moja. Msikimbilie kudhani ni mume aliyekwenda Mombasa akasahau njia ya kurudi. Muasya alikufa kwa homa akiwa kijana wa miaka kumi na minane, hajaoa, na Wakamba wa zamani hawakumwacha kijana wa namna hiyo apotee bila mke wala mtoto wa kulibeba jina lake. Mamake, Syombua, alitoa mbuzi na ng'ombe, akamposea mke. Wayua akatolewa kwao Kangundo akaletwa kwa mume aliyekwisha kuzikwa. Baadaye wazee walimruhusu Kilonzo, ndugu mkubwa wa marehemu, aingie nyumba ile, na Kanini akazaliwa. Lakini baba wa Kanini ni Muasya, na aliyesema vingine alitozwa mbuzi.

Nyumba yao ilikuwa mashariki ya Thika, mpakani mwa shamba la mkonge. Ndani palikuwa na kigoda cha Muasya, na hakikaliwi. Syombua alimtaja mwanawe kama mtu aliyetoka kidogo tu: Muasya hapendi kelele, Muasya hataki mlango ufungwe mapema. Wayua alizoea. Ila asubuhi nyingine aliamka akakuta kigoda kimegeuzwa kuelekea mlangoni, na akimuuliza mkwe wake nani amekigeuza, bibi kizee alijibu kwamba Muasya alitaka kuona wapitao. 

Sasa sikieni kosa lilipotokea. Mwaka wa 1956 Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya Wazungu, ilikuwa bado imetukalia shingoni, na mwanamume asiyejulikana aliko alihesabiwa kuwa yuko msituni na wapiganaji. Mwalimu Kagwe wa shule ya misheni, kule karibu na Makongeni, alikuwa akiandika majina ya baba za watoto wa darasa la nne. Alipofika kwa Kanini akamuuliza babake ni nani na yuko wapi. Mtoto akajibu alivyofunzwa kwao tangu hajajua kutembea: "Ni Muasya. Yuko nyumbani." Mwalimu akaandika hivyo hivyo.

Mwezi wa Julai barua ikaja. Siku ya wazazi, kila baba aje mwenyewe, aongee na mwalimu juu ya mtoto wake, atie dole gumba kwenye fomu ya mtihani wa kuingia shule ya kati. Asiye na dole la babake hafanyi mtihani.

Wayua alisomewa barua na Kanini mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imechanjwa na mkonge mpaka haisikii moto wa sufuria, na kitu kimoja tu alichokuwa akikitaka duniani ni kwamba binti yake asishike lile panga la kukatia mkonge. Akisema baba yuko nyumbani, watataka aje. Akisema hajulikani aliko, wataleta askari. Na akisema ukweli, je? Mtu aliyekufa mwaka wa arobaini na mbili amezaaje mtoto wa miaka kumi na mmoja? Misheni wangemwandika Kanini mtoto wa nje, na watoto wa namna hiyo shule ile haikuwapeleka popote.

Akapanda basi mpaka Ruiru, kwa Kilonzo, aliyekuwa na kazi kwenye shamba la kahawa. Kilonzo wakati huo alikuwa mtu mzima, kitambi mbele, upara juu, na mguu mmoja anauburuta.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja," Wayua akamwambia. "Njoo shuleni uitike jina la Muasya."

Kilonzo aliacha kutafuna. "Shemeji, niombe lingine. Mtu akiitika jina la maiti, maiti humjibu. Hilo sitafanya."

Hakuna aliyemwita mwoga, maana ukweli ni kwamba hata mimi nisingeitika. Wayua akarudi mikono mitupu, akamweleza mkwe wake yote. Syombua alisikiliza, akainuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya kigoda, akanong'ona kwa muda mrefu. Kisha akarudi jikoni kuchambua maharagwe.

"Mwaitu, mama yangu, umefanya nini?" Wayua akauliza.

"Nimemwambia Muasya anaitwa shuleni kwa ajili ya mwanawe. Mtoto si wangu, ni wake. Kwa nini nihangaike peke yangu?"

Wayua alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Aliona bibi kizee anacheza na maisha ya mtoto.

Siku yenyewe ilipambazuka kwa ukungu ule wa Julai wetu, ambao saa nne ya asubuhi humwoni ng'ombe wako mwenyewe. Nyapara hakumwachilia Wayua mpaka amalize mstari wake wa mkonge, kwa hivyo alifika Makongeni amechelewa, miguu imelowa umande, na moyoni amekata shauri. Ataanguka miguuni mwa mwalimu aseme ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Langoni mwa shule alikuwapo Mishi, mama wa Kiislamu aliyeuza mandazi. Walijuana.

"Mama Kanini, mbona leo umechelewa?" Mishi akasema. "Mwenzio keshaingia zamani."

"Mwenzangu nani?"

"Si baba watoto. Nimemuuliza anatafuta nani, akasema anakwenda kwa mwalimu wa Kanini. Ana adabu, maskini. Nikampa andazi bure, akakataa. Ati njaa ilimwacha siku nyingi."

Wayua alifurahi, kwa sababu alidhani Kilonzo ameona haya akaja. Alipiga hatua kama nne hivi. Ndipo alipokumbuka kwamba Kilonzo hajawahi kukataa andazi tangu azaliwe.

Barazani, kina baba walikuwa wamepanga foleni na kofia zao mikononi. Walimpisha. Mmoja wao, mzee Muthoka, aliyemzika Muasya, alikuwa ametoka kwenye foleni na kukaa chini, anatazama ukuta. Wayua alimwamkia. Mzee akaendelea kutazama ukuta.

Mwalimu Kagwe alikuwa na meza, viti viwili na rundo la karatasi. Kiti cha mzazi kilikuwa kimevutwa karibu sana na meza.

"Mama Kanini, karibu. Hamkukutana njiani? Mzee ametoka sasa hivi." Akatabasamu. "Nasema mzee, lakini kusema kweli nilidhani ni kaka yake Kanini. Mumeo ni kijana sana, mama."

 Wayua alikuwa na miaka thelathini na moja.

"Nimefundisha miaka tisa," mwalimu akaendelea, "na wazazi wanaokuja hapa huuliza swali moja tu: amekuwa wa ngapi? Nikiwajibu, wanachukua kofia zao. Huyu hakuuliza hilo kabisa. Aliniuliza mtoto akishindwa hufanya nini, analia au ananyamaza. Akauliza anacheza na nani. Nikamwambia hesabu za kugawanya zinamsumbua na anaona haya kunyoosha mkono. Akataka nimwonyeshe daftari, nikamwonyesha jinsi ya kugawanya, akarudia mpaka akajua. Akasema mama atamsikiliza akisoma kwa sauti kila jioni, hata kama haelewi, mtoto apate kuzoea sauti yake mwenyewe. Halafu akaomba amwone."

"Akamwona?" Wayua akauliza.

"Nilimwita. Kanini alisimama hapo mlangoni akasema, 'Baba.' Wakapeana mikono, wakatazamana. Mtoto alipotoka akaniambia mkono wa babake una baridi, nikamwambia ni huu ukungu."

Akamsogezea fomu. Chini yake palikuwa na dole gumba jeusi, mistari yote inaonekana, wino bado unang'aa.

"Limebaki neno lako tu. Mkuu wa shule anataka mke athibitishe, siku hizi watu wanaitikiana majina. Sema huyu ndiye mumeo, nami nitie sahihi."

Wayua alilitazama lile dole. Aliogopa, tena aliogopa kweli.  Kumkubali mtu aliyetoka huko ni kumfungulia mlango, na nani ajuaye atataka nini kesho? Angeweza kusema simjui, wakamfuta, na Kanini akabaki na panga. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi, na alikionea aibu kwa sababu kilikuwa wivu. Mishi amemwona. Muthoka amemwona. Mwalimu amekaa naye magoti kwa magoti. Kanini amemshika mkono. Amekuja njia yote hiyo kwa ajili ya mtoto, na mkewe akapishana naye kwa sababu ya mstari wa mkonge.

"Ndiye," akasema. "Ni mume wangu."

Mwalimu Kagwe akatia sahihi, akapuliza wino, akaiweka fomu juu ya nyingine zilizokamilika. "Basi, mama. Kuna swali?"

"Liko moja, mwalimu." Wayua akakaa kwenye kile kiti kilichovutwa karibu na meza. "Ana sura gani?"

Mwalimu akacheka. Kisha akamtazama mwanamke yule, akaacha kucheka, na kalamu akaiweka chini. Akamwambia juu ya paji la uso, na macho, na mwanya wa meno ya mbele, na alivyokuwa akiinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza. Wayua alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba aanze tena.