Siku Lori Lilipozama Mbugani

Bomba la chuma lilimwangukia msimamizi wetu asubuhi, muda mfupi baada ya chai. Mnyororo wa mtambo ulikatika, bomba likateleza, likampiga paja la kulia. Nilikuwa naosha vioo vya gari nikasikia mlio, kisha kimya, kisha wachimbaji wakikimbia. Nilipofika, alikuwa amekaa chini kwenye tope, ameshika paja kwa mikono miwili, akilitazama kama si lake. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Ilikuwa miaka ya sabini, masika, na tulikuwa tunachimba visima vya maji vijijini, ng'ambo ya mbuga ya Samuye. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, dereva wa Landrova fupi ya kambi. Nilikuwa nimetokea Geita, ambako niliwaendesha wapima madini milimani kwa miaka mitatu, juu ya mawe na visiki, na nilijiona fundi. Dereva mwenzangu wa pale kambini alikuwa mtu mzima, Msukuma wa huko huko, mpole, asiyependa maneno mengi. Yeye aliendesha lori la kubebea mabomba. Nilimwita kaka mbele ya watu, lakini moyoni nilimdharau. Nilimwona mzito kama lori lake.

Hospitali ya misheni ilikuwa upande wa Kolandoto. Kiangazi, safari ya saa mbili. Masika, hakuna aliyejua.

Tulimfunga mguu kwa vipande viwili vya ubao, tukang'oa mlango wa stoo ya saruji, tukamlaza juu yake. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Landrova yangu ilikuwa fupi mno. Mtu mrefu kama yeye hakuweza kulala ndani bila miguu kutokea nje. Lori lilikuwa na nafasi ya kulaza watu kumi, na liko juu, maji hayalifikii upesi.

"Nipandisheni kwenye lori," alisema msimamizi. Uso wake ulikuwa wa kijivu, lakini sauti bado ilikuwa ya bosi. "Kile kibati kitanimaliza kwa kunirusha."

Mke wake, aliyekuwa akitupikia pale kambini, alinigeukia. Wote tulimwita Mayu, yaani mama.

"Wewe unasemaje?" aliniuliza.

"Lori ni zito, Mayu. Litazama. Mimi nitamfikisha."

Nilisema hivyo bila kufikiri. Sikuwa nimewahi kuvuka mbuga ile mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo. Nilijua mawe. Udongo mweusi sikuujua.

Dereva wa lori aliangalia chini. "Linaweza kuzama," alikiri. "Lakini mgonjwa ameshasema."

Basi wakampakia kwenye lori, juu ya majani, na Mayu akakaa kichwani pake. Mimi niliambiwa nifuate nyuma na kamba na majembe.

Tulikwenda vizuri kwenye udongo wa kichanga. Kisha miti ikaisha, na mbele yetu ikawa mbuga tupu, nyeusi, inang'aa kwa maji. Lori liliingia. Niliona magurudumu yake yakivaa udongo, yakinenepa, mpaka hayakuwa tena na meno. Lilikwenda kidogo, likaanza kuyumba mkia, likanguruma, na gurudumu la nyuma la kushoto likashuka taratibu, kama mtu anayeketi. Likalalia difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Injini ikazimwa.

Jambo hili sikulisema kwa miaka mingi: nilifurahi. Mtu yuko juu pale na paja limevunjika, mke wake anamfutia jasho, na mimi nyuma ya usukani nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimesema. Furaha hiyo haikudumu hata dakika moja. Mayu alichungulia juu ya ubao wa lori akanitazama. Nikakumbuka kwamba sasa ni zamu yangu, na kwamba nilikuwa nimeahidi.

Tulimhamisha akiwa juu ya mlango wake, watu sita, tukizama hadi magotini. Aliuma kola ya shati asipige kelele. Tulimwingiza kichwa kikiwa nyuma ya viti vyetu, miguu ikatokea nje nyuma. Dereva wa lori aliufunga mlango kwa kamba kwenye miguu ya viti vya mbele, akalivuta kila fundo mara mbili. Kisha akainama kwenye gurudumu langu na kuanza kutoa upepo.

"Unafanya nini, kaka?"

"Magurudumu yako magumu. Yanakata udongo. Yalegee kidogo, yaukanyage."

Akayazungukia yote manne. Mayu akajibana nyuma ubavuni mwa mumewe, na yeye akapanda kando yangu. Niliunganisha magurudumu yote, nikaweka gia nzito kwa kigingi chake kidogo, kisha mkono wangu ukaenda kwenye gia ya kwanza, kama nilivyozoea Geita. Akaushika mkono.

"Hapa si mawe. Ya kwanza itachimba. Weka ya pili, kanyaga kidogo, wala usisimame. Na toka kwenye njia, pita kwenye nyasi."

"Nyasini sioni chini."

"Njiani tumeshaona chini."

Nilitoka njiani. Gari lilikuwa jepesi, na kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya wepesi ule; Geita niliuona kama kasoro, kwa sababu liliruka kila jiwe. Hapa lilielea. Lakini lilielea kwa kuteleza, pua kulia, mkia kushoto, na kila mara nilipotaka kuongeza moto nilisikia sauti ile ile pembeni: "Taratibu. Taratibu." Nyuma, msimamizi alikuwa akihesabu kwa Kisukuma, moja hadi kumi, kisha anaanza upya.

Katikati ya mbuga kulikuwa na korongo. Maji yalifika magotini tu, lakini kingo zake zilikuwa wima. Lori lingening'inia pale, pua chini na tumbo ukingoni. Gari langu lilishuka kama mbuzi. Kupanda ndiko kulikonitisha, maana pua ilipoinuka mlango ulianza kuteleza kurudi nyuma, pamoja na mgonjwa juu yake. Kamba ikalia. Mayu alikuwa ameruka nje. Alikuwa ndani ya maji nyuma ya gari, bega lake likiwa chini ya ukingo wa mlango, ameukumbatia mguu wa mume wake ambao haukuvunjika.

"Mayu, ondoka hapo," nilisema. "Gari likirudi litakukanyaga."

"Basi lisirudi," alisema.

Sasa dereva mwenzangu akaniambia, "Ya kwanza." Nikaingiza ya kwanza. Magurudumu ya mbele yakatafuta, yakateleza, yakashika mzizi. Tulitoka.

Tulifika hospitali alasiri. Mganga alitumia muda mrefu ndani. Alipotoka alisema mguu utabaki, ila utakuwa mfupi, na kwamba kama tungechelewa zaidi asingeahidi kitu. Mayu alikaa chini ukutani, nguo zimekauka kwa udongo, akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akamshika mkono dereva wa lori, akanishika na mimi. "Ng'wana wane," aliniita, mwanangu, na mimi nikashindwa kumtazama.

Tulichimba siku mbili kulitoa lori. Siku ya kwanza, tukiwa wawili chini ya ekseli, nilimwambia mwenzangu kwamba nilifurahi lilipozama. Aliendelea kuchota tope kwa mikono.

"Nilikuona," alisema. "Kioo cha pembeni kilikuwa kinakuonyesha."

Kisha akaniomba nimpe jembe, akanionyesha mahali pa kuweka matawi.