Komanda Aliyetaka Kujua Kama Mvua ni Silaha

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kalamu. Chef de Station, mkuu wa kituo cha hali ya hewa, muzee mfupi aliyefunga vifungo vyote vya koti lake la kaki hadi shingoni, alinipeleka kwenye kiwanja cha vyombo pembeni mwa uwanja wa ndege wa Goma. Akamimina maji katika bomba la kioo lenye mistari, akaniuliza naona ngapi. Nikajibu kumi. Akaniamuru niiname. Jicho langu lilipokuwa sawa na maji niliona tisa na nukta mbili.

"Ile kumi ulitoa wapi?" akauliza.

Nikainama tena kutazama bomba.

"Ulitoa mu kichwa. Hapa hatuandikaka ya mu kichwa, mama. Tunaandika ya mu chupa."

Ninyi vijana mnaofungua simu na kuona kijipicha cha wingu hamwezi kujua kazi iliyokuwa nyuma ya wingu lile. Kila siku, saa mbili kamili asubuhi, vituo vyote vilisoma vyombo kwa pamoja: kipimajoto, kipima mgandamizo wa hewa, na kipima mvua, ambacho ni ndoo ya zinki yenye mdomo wa faneli. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Kama ulilala ukapitwa na saa, uliandika kistari. Sifuri iliandikwa na mtu aliyekuwepo, akatazama, akakuta chombo kikavu. Nimewahi kumwona Chef de Station akimfukuza kijana mzima, mwenye diploma, kwa sababu ya sifuri moja ya uongo.

Baada ya Goma nilipelekwa Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, ambako ndege wakubwa, marabu, walisimama juu ya vyombo vyangu kama wakaguzi kutoka Kinshasa na kuvichafua kila siku. Nilikuwa na hasira nao na niliwatupia mawe, Mungu anisamehe. Lakini huko ndiko nilikopata udadisi ulionifuata maisha yote. Katika kabati la kituo kulikuwa na majarida ya zamani ya Kifaransa, na katika mojawapo nilisoma kuhusu kupanda mawingu. Ndege inaingia katika wingu na kumwaga unga wa chumvi ya fedha. Matone madogo yanaganda kuuzunguka, yanakuwa mazito, yanaanguka. Nikasoma kwamba taifa moja kubwa, katika vita vya Asia, lilifanya hivyo miaka mingi juu ya barabara za adui ili malori yake yakwame katika matope, na kwamba baadaye mataifa yalitia saini mkataba wa kukataza jambo hilo. Nilisoma kurasa zile mpaka zikachanika. Nilitamani mtu aniulize habari hiyo, na hakuna aliyeniuliza. Wavuvi walitaka tu kujua kama jioni kutakuwa na upepo.

Miaka ikapita. Directeur wa mkoa akanirudisha Goma, katika ofisi yetu iliyoko mtaa wa Himbi, nisimamie wasomaji wa kujitolea: mapadri, walimu, mama mmoja muuza unga, watu wa kuaminika waliokubali kuweka kipima mvua uani kwao. Msomaji wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, alikuwa katekista, Papa Kambale, mtu wa Butembo aliyehamia huko kulima maharagi. Nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuchelewa. Kila asubuhi alipiga simu, akataja jina la kijiji na namba tu, kwa Kifaransa kama tulivyozoea. Mimi nilimpa chombo, daftari na mkono wa asante. Karatasi yenye muhuri wa serikali ya kuonyesha kwamba chombo ni chetu sikumpa. Niliona ni urasimu wa bure. Hilo ni kosa langu, wala simtupii mtu mwingine.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka mmoja, vita ikiwa katika mojawapo ya kwenda na kurudi kwake, mvua ilipiga Kalengera siku nne mfululizo. Malori ya wanajeshi walioshika barabara wakati ule, nami sitasema walikuwa wa upande gani, yalizama hadi ekseli. Redio za mitaani, yaani uvumi, zikaanza: adui ana mashini ya mvua. Na hapo hapo, kila asubuhi, askari wakamwona mzee mmoja akitoka uani, anatazama mawingu, anainua ndoo ya ajabu, anamimina maji katika kioo, anaandika, kisha anapiga simu na kusema: "Kalengera, quarante-deux virgule cinq," yaani milimita arobaini na mbili nukta tano.

Wakamkamata. Mke wake alinipigia simu akilia. "Mama, banasema anaita mvua na anapatia adui namba za kupiga bombe. Banasema kesho batamumaliza."

Nilichukua rejista zangu, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kalengera, tope likinifika magotini. Njia nzima nilikuwa najilaani kwa ile karatasi.

Komanda wa askari wale alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, mtaratibu, mwenye miwani. Kipima mvua kilikuwa mezani pake, kando ya daftari la Kambale, kimefunguliwa vipande vipande. Kambale alikuwa amekaa chini nyuma yake, mikono imefungwa, hata kunisalimia hakuthubutu.

"Mama Observateur," Komanda akasema, akiniita kwa kazi yangu ya kusoma vyombo, "niambie ukweli. Mashini ya kuita mvua iko mu hii dunia, ao haiko?"

Hapo nilitambua mtego. Nikisema haipo, ningekuwa nimedanganya, na mtu mwenye miwani kama ile huenda alikwisha kusoma. Nikisema ipo, nimemchimbia Kambale kaburi. Nilitazama vile vipande vya zinki mezani.

"Iko, Komanda," nikasema. Kambale akafumba macho.

Kisha nikamweleza yote: ndege, unga, matone. Nikamweleza kwamba lazima wingu liwepo tayari, kwa kuwa hakuna anayekamua ng'ombe asiyekuwepo; na kwamba hata wenye ndege hawakuweza kuthibitisha ni mvua ipi ilikuwa yao na ipi ya Mungu. Aliuliza maswali mazuri. Unga unagharimu nini? Upepo ukihama? Ukungu je, unaweza kuondolewa juu ya uwanja wa ndege? Nikiri tu: nilifurahi. Baada ya miaka yote ile, mtu alikuwa ananiuliza.

"Na hii?" akagonga ndoo.

"Hii ni ndoo, Komanda. Inapokea tu. Fungua daftari yake, mwezi wa saba."

Akafungua. Sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa mzima, kila moja na saa yake.

"Ule mwezi maharagi yake yote ilikauka," nikasema. "Uliza majirani. Mutu anaweza kuita mvua, na anaacha shamba yake inakufa?"

Komanda akamgeukia Kambale. "Ni kweli, muzee?"

"Ni kweli, chef. Tulikula mihogo ya kuomba."

Komanda akacheka kidogo, lakini hakuamuru kamba zifunguliwe. Alitoka hadi mlangoni, akatazama juu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake wa kazi: "Na kesho kutwa, Mama? Barabara itakauka?"

Nilijua jibu. Upepo ulikuwa umegeukia kusini-mashariki tangu asubuhi, mawingu yamepanda na kuchanika, hewa imekuwa nyepesi puani. Nilijua pia maana ya barabara kavu: askari wale wangesonga mbele kupigana. Ningeweza kusema sijui, na hakuna ambaye angenisuta. Nikasema: "Kuanzia kesho, siku tatu za jua. Kesho kutwa malori itapita."

Mpaka leo sijui kama nilisema kwa ajili ya Kambale au kwa ajili ya sifa. Nimejiuliza kanisani na kitandani. Kamba zilikatwa, tukarudi kwake kwa miguu, mke wake akaanguka mikononi mwangu. Kambale alisema tu, "Aksanti, Mama," naye hajawahi kuuliza nilitoa nini.

Siku ya pili yake nilikuwa Himbi, dirishani. Mimi niliyemthibitishia Komanda kwamba hakuna mtu anayeita mvua kwa mikono mitupu, nilipiga magoti sakafuni mwa ofisi ya serikali nikaiita. Nilimwomba Bikira Maria anifanye mwongo, walau kwa saa moja, walau manyunyu. Anga ilibaki buluu hadi jioni. Kesho yake malori yalipita. Kilima kilichokuwa mbele yao, pamoja na nyumba zake, kiliteketea.

Niliagwa kazini kwa fanta na hotuba. Directeur alisifu usahihi wangu, watu wakapiga makofi, nami nikatazama viatu vyangu. Siku hizi vijana wa satelaiti hunitembelea na kuniuliza kwa macho yanayong'aa kama silaha ya hali ya hewa ipo. Ninawaeleza unga na ndege, kwa kuwa bado napenda kueleza. Kisha nawaambia wasijibu swali la mtu mwenye bunduki kabla ya kumuuliza anakwenda wapi.

Karibu na lango langu kuna mama anayeuza makala, makaa ya kupikia. Alikimbia kutoka kilima kile. Siku moja, akinipimia gunia, alinisimulia bila mimi kuuliza.

"Jua ilikuwa muzuri sana ile siku, mama. Tulikuwa tumeanika mahindi, batoto banacheza. Kama mvua ingenyesha, hawangefika kwetu."

Nilimwambia pole. Nanunua makala kwake tu, ingawa nina jiko la gesi. Aliwahi kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamjibu kazi ya Leta, ya serikali tu, nikageuza mazungumzo.