Hodi ya Injini Kuukuu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Kibarani nilifika na shahada ya uzamili ya uhandisi. Fundi Mkuu alichovya kidole katika oili chakavu, akaisugua, akaninyooshea.

"Bwana Uzamili, hii yasemaje?"

"Sharti ipimwe maabara, Fundi."

"Basi ingojee maabara. Mimi imeshaniambia."

Kabla ya kufungua boneti yoyote aligonga mara tatu, akasema hodi, akatega sikio. "Huyu mtu mzima," alisema juu ya magari kuukuu ya michezo. "Humwingilii ghafla." Nilicheka. Mengine niliyaandika: namba ya kwanza ya oili hueleza itiririkavyo injini ikiwa baridi; ya pili, mnato wake injini ikishapata moto. Injini za zamani zilitaka 20W-50 yenye zinki ya kulinda kemshafti, mhimili unaofungua vali.

Alipofariki nilirithi cheo chake. Hodi sikuirithi.

Asubuhi moja Bi. Zuhura wa Tezo alileta gari la marehemu mumewe, jekundu, milango miwili.

"Ijumaa lampeleka binti yangu Malindi, kwa mumewe. Babake alimwahidi. Usiniulie injini, Fundi, nyingine haipatikani."

Nililaza gari lile siku nzima lipoe. Kesho yake nilifuata jedwali jipya la watengenezaji wa oili, nikatia 5W-30, oili nyepesi. Nilishusha boneti. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Ndani ya injini kuligongwa mara tatu, taratibu, kwa mwachano sawasawa.

Bi. Zuhura, aliyekuwa amekuja kulichukua gari, alinitazama. "Wabishiwa hodi. Hujibu?"

"Ni chuma kinapoa, Bi. Zuhura."

"Kinapoa nini, na halijawashwa tangu jana?"

Nilihesabu sababu zote: joto la bati, shinikizo la hewa, panya. Kila moja ingetoa mlio mmoja, au milio ovyo. Hakuna iliyotoa mitatu. Nililegeza bolti ya chini, nikaimwaga oili yote, nikatia 20W-50. Kisha nikaijibu hodi ile kwa hodi yangu, kwa sauti, mbele ya mteja.

"Ulichelewa," alisema Bi. Zuhura, "lakini umeitika."

Bibi harusi alifika Malindi. Baada ya harusi niliifungua injini, nikapima nafasi za beringi. Zilikuwa zimepanuka mno. Kwa oili nyepesi utando wake ungekatika, chuma kingesaga chuma, na gari lisingevuka Matsangoni, katikati ya njia. Sikuwa nimezipima kabla.

Sasa nimestaafu. Wahandisi vijana wakinitembelea huwaeleza mnato na zinki, nao huandika. Nikigonga boneti hucheka, kama nilivyocheka mimi. Siwalaumu, na ule mlio sijaupatia maelezo. Lakini miaka yote niliyofungua boneti bila hodi, nikimimina oili redio ikivuma, sijui ni injini ngapi zilinibishia nami nisisikie.